Neno Moja Tu, Gervais

14, Mtaa wa Kanisa,
Saint-Fabrice-du-Fleuve,
Quebec.
11 Agosti 2009

Mpendwa mdogo wangu Gervais,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na goti limekubali tena kupanda ile milima yako ya Peru. Je, soksi za sufu zilifika, au zimeishia njiani? Yule mpishi wako bado anakulisha viazi asubuhi, mchana na jioni? Sisi huku hatujambo. Mgongo unanisumbua, lakini ungenisumbua tu hata kama ningekuwa mtawa. Mama ni mzima kwa kadiri ya umri wake. Anakula, analala, na wauguzi pale nyumba ya wazee wanampenda. Mvua imenyesha Julai nzima, na nyasi za uani zimefika magotini kwa sababu sina wa kuzikata.

Basi, nimekusalimia. Nimekusalimia kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Nina hasira na wewe, Gervais. Karatasi mbili nimeshazichana kabla ya hii, maana kalamu ilikuwa inazitoboa.

Marie-Paule alikuja kwangu wiki iliyopita na barua yako mkononi. Barua uliyomwandikia yeye, binamu, si mimi dada yako. Alinisomea jikoni kwangu amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea somo la kwanza enzi zile tukiwa bado na misa. Eti mahali tulipobatizwa si mahali pa kutukania. Eti umesikitika kusikia dada yako anasimama palepale aliposimama padri na kutamka tabenakulo kama mlevi wa bandarini. Na kwamba kama sitaacha, Septemba hutakuja.

Miaka kumi na moja hujakanyaga hapa, Gervais. Mama ana miaka tisini na mmoja. Halafu wewe unaweka masharti, tena unayapitisha kwa Marie-Paule! Mimi ndiye niliyekuosha na kukubadilisha nepi. Kwa watu wengine wewe ni padri, lakini kwangu bado ni yule yule, na ukiwa na neno na mimi niandikie mimi.

Tuanze na kanisa. Unaongea kana kwamba nimelivamia. Askofu mwenyewe ndiye aliyekuja, akasoma sala zake, akatoa hostia, akaizima ile taa nyekundu, kisha akaenda kula chakula cha mchana kwa Marie-Paule. Kuanzia saa hiyo pale pakawa jengo tu lenye paa bovu. Ilibaki kidogo tu libomolewe wapate pa kuegesha magari. Akaja huyu kijana Maxime na wenzake, wakalinunua, wakaezeka paa, wakaligeuza ukumbi wa michezo ya kuigiza ya kiangazi. Kwenye kiti cha maungamo sasa wanauza tiketi. Mimi najipodoa sakristia, na wigi langu nalitundika kwenye ndoano ileile iliyokuwa ya kanzu ya padri. Kila nikikaa pale nakukumbuka wewe ulivyokuwa ukionja divai ya misa ukidhani hakuna anayekuona.

Sasa kazi yangu. Hapa ndipo uliponiudhi kuliko pote, kwa sababu umedhani nafurahia. Umedhani dada yako kazeeka, akili zimemtoka, kakubali kusimama mbele ya watu na kuporomosha matusi apate kuchekwa. Kumbe hiyo ndiyo vita ninayopigana tangu Juni, peke yangu, na wewe badala ya kunisaidia umekuja kunipiga mgongoni.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mimi ni Aurore, mjane. Namkaribisha wakili chakula cha mchana, kwa sababu wakili huyo ndiye atakayeamua kama nyumba inabaki kwangu au inakwenda kwa shemeji yangu, mlevi mmoja mwenye kofia. Shemeji ni Conrad, yule Conrad mwenye duka la misumari, unamkumbuka. Nataka wakili anione mwanamke wa heshima, na kila kitu kinaniharibikia. Mwishoni naleta pai ya nyama mezani, nayo inaniponyoka mkononi. Hakuna zaidi.

Maxime ni mtu wa Montreal na amesomea uchekeshaji darasani, kama wengine wanavyosomea umeme. Siku ya kwanza ya mazoezi alinipa maandishi, nikakuta matusi kila mstari. Chumvi ikimwagika, tusi. Mlango ukigongwa, tusi. Nikipiga chafya, tusi.

Nikamuuliza, "Maxime, mwanangu, huyu mama ana ugonjwa gani?"

"Bi Rolande, watu wa mjini ndicho wanachokifuata huku," akaniambia. "Bibi wa kijijini anayetukana! Watakufa kwa kicheko."

"Waache wafe, lakini wasifie mdomoni mwangu."

Akacheka, akaniambia hilo nalo ni zuri, tuliweke kwenye mchezo. Ndivyo alivyo. Huwezi hata kugombana naye, analigeuza kichekesho kabla hujamaliza.

Huko kwako nasikia mtu akijikwaa anamtaja mama wa mwenzake. Sisi huku tunavitaja vyombo vya altare: kalisi, siboria, hostia, na tabenakulo, kile kisanduku cha kuwekea hostia, ndilo kubwa lao. Paroko alitushika masikio toka enzi za mababu, na kwa kuwa hatukuthubutu kumtukana yeye, tukatukana sahani zake. Wewe unaona ni kufuru. Mimi naona ndiyo heshima kubwa ambayo kanisa limewahi kupewa katika nchi hii, maana mtu hatukani kwa kitu asichokiogopa. Lakini neno hilo likitajwa mara arobaini ndani ya saa moja na nusu, si tusi tena. Ni kikohozi.

Na hilo silijui kwa kulisoma, nalijua kwa sababu nilikuwepo jikoni kwetu ile siku ya ziara ya paroko. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Usijitie hamnazo, najua unakumbuka.

Mama alikuwa amesugua nyumba wiki nzima. Alisugua mpaka banda la kuku, kana kwamba Padri Deschênes angeingia kuwabarikia mayai yao. Baba alivaa kola ya harusi iliyokuwa ikimkaba. Sisi tulipangwa ukutani kuanzia mkubwa hadi mdogo, nywele zimelowa maji, na tukaambiwa atakayepumua kwa nguvu atakiona. Mama hakuwahi kutoa neno chafu maisha yake yote. Hata akijigonga kidole alisema "Enhee," basi. Padri akaketi, Mama akaitoa pai kwenye oveni, kitambaa kikateleza, na pai yote ikamwagikia viatu vya paroko.

Saa ya ukutani ilisikika. Mama alisimama na sahani tupu mkononi, akaitazama ile pai, akaviangalia viatu, halafu akasema taratibu, bila kupaza sauti, kama mtu anayetaja jina la kitu alichokiona barabarani: "Tabenakulo."

Halafu akainama, akachukua kijiko, akaanza kukwangua nyama kwenye kiatu cha mtumishi wa Mungu, na akauliza, "Padri, nikuletee chai kwanza?"

Na nani alicheka wa kwanza? Wewe. Ulikuwa umeingia chini ya meza, unacheka mpaka unatoa kamasi. Baba akakuvuta sikio. Padri Deschênes akatoa leso, akajifunika uso wote, mabega yakitikisika, akatoka nje bila kutubariki. Mama hakupata kujua. Miaka na miaka alikuwa akimuuliza Baba wakiwa mezani, "Lakini unadhani alicheka au alilia?" Baba akimjibu, "Alikuwa na mafua, mke wangu, kula." Padri Deschênes akafa na siri yake, na Mama akabaki na swali lake.

Gervais, yote ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyajua siku ile. Kicheko hakikutoka kwenye neno. Kilitoka kwenye ile wiki ya kusugua, kwenye ulimi uliokuwa safi miaka yote, na kwenye hamu ya Mama ya kuonekana mwanamke wa maana mbele ya paroko. Neno lilikuwa tundu tu lililotoboka. Na kile kilichotumaliza kabisa kilikuwa chai. Mtu akianguka hiyo ni ajali. Akiinuka akauliza nani anataka chai, hapo ndipo mbavu zinavunjika. Nimejaribu kumweleza Maxime hili, akaliandika kwenye simu yake, na kesho yake akaongeza tusi kwenye chai.

Lingine ninalolijua ni kwamba Mama alikuwa na hasira. Watu hawalioni hilo. Wanadhani mchekeshaji ni mtu wa furaha. Dukani wananishika mkono, "Hebu tuchekeshe kidogo, Rolande!" Nawajibu, mkikutana na fundi bomba huwa mnamwambia awazibulie choo palepale? Mimi si mtu wa furaha. Mimi ni mtu wa hasira niliyejifunza kuifunga mdomo mpaka itoke kwa mlango mwingine. Kila mhusika niliyewahi kumcheza na watu wakacheka kweli alikuwa mtu aliyetaka kupiga kelele na hakuruhusiwa. Ukimruhusu apige kelele toka dakika ya kwanza, umemaliza mchezo.

Na usiniambie habari za Conrad. Conrad anakonyeza! Amevaa kofia yake, anasema maneno yake, halafu anawageukia watu na kuwakonyeza, kama kuwaambia msijali, ni mimi tu, Conrad wa misumari. Mwigizaji anayekonyeza ni sawa na mpishi anayetema mate kwenye sufuria yake mwenyewe. Nimemwambia mara ngapi? "Conrad, shemeji hajui kama anachekesha. Shemeji ana shida na nyumba." Ananijibu, "Lakini Rolande, wanafurahi." Kicheko cha kuombwa hakina raha. Watu wanakutolea kama wanavyotoa sadaka, wanakiangusha kwenye kapu huku wanaangalia kwingine.

Nimtendee haki Maxime kwa moja. Siku moja aliniambia, "Bi Rolande, ule ukimya wako ni mzuri, lakini unaufanyia viatu vyako. Watu wa nyuma hawauoni. Inua uso." Nilikasirika siku mbili, halafu nikainua uso. Alisema kweli. Mambo ya taa na milango anayajua kuliko mimi, na mshahara analipa kwa wakati.

Lakini kwenye maneno tulikwama. Nilimwomba kwa heshima, na nilipoona heshima haisaidii nikamwomba kwa kelele. Nikamwambia, futa yote, niachie lile la mwisho, pai inapoanguka. Nipe neno moja. Akasema moja ni chache, watu hawatalisikia. Sasa angalia nilipo mimi: yeye anataka arobaini, wewe hutaki hata moja, na mimi katikati naomba moja. Moja tu, Gervais. Ndilo pekee ambalo Mama alilitamka, nami nililibeba miaka yote hii kama watu wengine wanavyobeba pete ya marehemu. Halafu unaniita mlevi wa bandarini.

Sasa nikueleze ya Jumapili, maana Marie-Paule atakueleza kwa namna yake, kama atakuwa amepata sauti.

Lilikuwa onyesho la mchana. Nipo sakristia napaka poda, mlango ukafunguliwa, Marie-Paule huyo, amevaa koti lake la mazishi.

"Nimemleta Mama mdogo," akasema. "Nimemweka mstari wa mbele kabisa. Haya, fungua huo mdomo wako mbele ya mama yako tukuone."

"Marie-Paule, una wazimu? Mama hanijui. Tangu Pasaka ananiita Alphonsine, kwa jina la mama yako."

"Mungu anakujua."

"Basi yeye atakaa bure, hana haja ya tiketi. Toka nje nivae."

Alitoka. Nikaendelea kupaka poda. Nilikuwa na hasira na yeye, na wewe, na Maxime, na Conrad, na hata na Mama kwa kuletwa kama ushahidi mahakamani. Nikasema moyoni, hamtapata kitu leo. Si yeye wala Maxime. Sitatamka hata moja. Usidhani nilikuogopa, Gervais, wala usiandike popote kwamba barua yako ilinigusa. Sikutaka tu Marie-Paule arudi nyumbani ameshiba.

Nikaingia jukwaani. Mama namwona pale mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi la buluu magotini, anaangalia juu darini, mahali palipokuwa na wale malaika. Chumvi ikamwagika. Nikafunga mdomo, nikamtazama Conrad tu. Sasa Conrad, maskini, ana neno lake pale. Kila nikitukana yeye hunikemea. Akaniangalia, akangoja, tusi haliji. Akapagawa, akalitoa neno lake hivyo hivyo:

"Shemeji! Ulimi wako!"

Na mimi sijasema kitu.

Gervais, kanisa lote lilicheka. Si kile kicheko cha kila siku. Kilianza nyuma, kikaja mbele kama maji yanaingia ndani. Mlango ukagongwa, nikanyamaza, nikaugeukia mlango. "Jamani shemeji, kuna mgeni!" akasema Conrad, jasho linamtoka. Nikapiga chafya, nikajifuta. "Shemeji, mbele ya wakili!" Kadiri nilivyonyamaza ndivyo alivyozidi kunikemea, na kadiri alivyonikemea ndivyo watu walivyoyasikia matusi ambayo hayakuwepo. Sikulipanga hilo, nakuapia. Ningependa kujisifu lakini sikulipanga. Na Conrad hakukonyeza hata mara moja, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na shida ya kweli jukwaani. Kule juu kwenye roshani ya kinanda, Maxime alisimama kwenye taa zake, mikono kichwani.

Tukafika kwenye pai. Nikaibeba kwa kitambaa. Ikaniponyoka. Ikaanguka miguuni pa wakili, nami nikabaki na sahani tupu.

Niliinua uso kama Maxime alivyonifundisha. Na hapo, sijui nikueleze vipi, hasira yote ikaniishia. Nilisimama mahali palipokuwa na altare, mahali alipotubatiza Padri Deschênes, na watu wote wale wakiningoja. Neno langu lilikuwa limefika kwenye meno. Hapo nilikuwa nalitaka, kiapo nimekisahau. Nikafungua mdomo.

"Tabenakulo."

Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya Mama. Alilisema taratibu, bila kupaza sauti, akiitazama ile pai pale chini. Na kwa kuwa kanisa lilikuwa kimya, walimsikia mpaka mlangoni.

Hakuna aliyecheka. Bado. Walikuwa hawajui kama inaruhusiwa. Ndipo Conrad, yule Conrad niliyemsema vibaya ukurasa mzima, alipogeuka polepole, akaja mpaka ukingo wa jukwaa, akavua kofia yake, akainama mbele ya Mama na kusema kwa huzuni kabisa:

"Mama mkwe. Hata wewe?"

Na Mama akamtazama, akamuuliza, "Nikuletee chai kwanza?"

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kusikia kitu kama kile. Watu walishikana. Wakili alikaa chini kwenye pai. Madirisha yalitetemeka. Mimi nilicheka jukwaani, mimi ninayewafokea wengine kwa kucheka jukwaani, nikacheka mpaka wigi likaja usoni, na ilikuwa bahati maana lilinifunika machozi. Kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusimama katikati yake, na hakikuwa changu. Kilikuwa cha Mama tangu mwanzo.

Baadaye Maxime alishuka mbio, macho mekundu, akanishika mabega. "Bi Rolande, anaweza kuja Ijumaa?" Nikampiga na kitambaa cha jikoni. Lakini jana amekuja nyumbani na maandishi mapya. Ameyafuta yote, ameacha makemeo ya Conrad, na pale kwenye pai ameandika kwa mkono wake, "Rolande, fanya utakavyo." Nitafanya. Nitalisema, Gervais. Mara moja kila onyesho mpaka mwisho wa Agosti, palepale unapopajua, na Septemba ukija pia nitalisema kama kutakuwa na onyesho. Kwa hiyo kama ulikuwa unangoja niombe msamaha, usingoje.

Mapema nimekwambia Marie-Paule amepoteza sauti. Tulimrudisha Mama kwa gari lake. Yeye anaendesha, uso umemwiva, haongei. Mama yuko mbele, mimi nyuma na pai ya bandia magotini, maana nilisahau kuiacha. Tulipofika darajani, Mama akageuza shingo, akanitazama mimi usoni.

"Rolande," akasema.

Amesema Rolande. Tangu Pasaka sijalisikia.

"Naam, Mama."

"Padri alicheka?"

Aliyejibu ni Marie-Paule, macho barabarani, mikono imeukaza usukani. "Alicheka, Mama mdogo. Alicheka sana."

Mama akaridhika. Akanyoosha blanketi lake. Tulipokaribia nyumba ya wazee akauliza tena, "Na Gervais?"

"Yeye ndiye aliyeanza, Mama," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Yuko chini ya meza. Anatoka sasa hivi."

Wasalimie watu wote wa parokia yako, hasa mpishi, na umwambie apunguze viazi. Huku wanakusalimu Conrad na mkewe, na hata Marie-Paule, ambaye amesema atakuandikia akipata nguvu. Maxime hakujui lakini anauliza kama na wewe unachekesha. Nimemwambia ulikuwa unachekesha zamani. Mungu akulinde njiani, akupe goti jipya, na akuondolee kiburi kile ulichokirithi kwa Baba, maana changu nimekizoea na sitaki akiguse.

Kitanda chako nimeshakitandika. Mama anaangalia mlango, Gervais. Toka chini ya meza.

Dada yako akupendaye, na bado ana hasira,

Rolande